Ua Langu, Ua Wangu

Siku tulipomzika Stefania pale Mabwerebwere, karibu na Kilosa, alikohamia kwa Yustina uzeeni, tulikuwepo hawa. Yustina, mtoto wake wa kwanza, ambaye ndiye aliyekaa naye mpaka mwisho. Kamilo, mdogo wake Yustina, aliyekuja na gari la kukodi kutoka Morogoro. Mwanaidi, binti wa marehemu Mzee Salumu aliyekuwa mwenyekiti wa kijiji chetu; huyu alinyonya ziwa la Stefania pale mama yake alipougua, kwa hiyo alikaa mkekani na wafiwa na hakuna aliyemhoji. Leonardi katekista, ambaye baba yake ndiye aliyeendesha lori lililotuhamisha. Mjukuu wangu Neema, aliyenishika mkono kila nilipotaka kukanyaga shimo. Na mimi Sekunda, mama yake Fulgensi, jirani wa Stefania tangu siku lile lori lilipotumwaga pamoja kwenye ardhi isiyo na hata kibanda. Wengine walikuwepo wengi, na majina yao ninayo, lakini hawa ndio wanaohusika na habari yangu.

Leonardi alisimama akasoma maisha ya marehemu. Alisoma vizuri, sauti yake ni ya kanisani. Alipofika katikati akasema, "Marehemu mama yetu alipenda sana maua." Watu wakaitikia kwa vichwa, na pale mbele ya jeneza palikuwa na mashada ya plastiki, mekundu na ya bluu, yanayong'aa kama masufuria mapya. Nikasema, si kwa sauti kubwa, "Huo ni uongo." Neema akanibana mkono. "Bibi, nyamaza." Nikamwambia nimekwisha kunyamaza vya kutosha katika maisha haya, lakini kwa heshima ya Yustina nikanyamaza tena. Ndiyo sababu ninaandika. Stefania hakupenda maua hata siku moja. Aliyaona ni ugonjwa wangu. Na bila yeye nyumba yangu isingekuwa na hata ua moja, wala mimi nisingekuwa mtu wa kukumbukwa kwa chochote. Kumsema kwamba alipenda maua ni kumpunguzia, maana mtu anayekusaidia jambo analolipenda amejisaidia na mwenyewe.

Mwaka wa lile lori ulianzia kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge, upande wa Kilosa, ambako nilikuwa kibarua wa bustani chini ya Mzee Gaspari. Nyumba ilikuwa na baraza pana lililopakwa rangi nyekundu, na jiko lilikuwa nyuma, limetengwa. Mchana sisi tulikula pale ukutani pa jiko, kwenye kivuli chembamba kinachohama, ugali na mlenda, na siku nyingine dagaa waliopikwa na nyanya zilizoharibika, zisizofaa tena meza ya wenyewe. Dirisha la jiko lilikuwa juu ya vichwa vyetu, basi kila kilichosemwa ndani tulikila pamoja na ugali. Siku moja tukamsikia meneja akimwambia mpishi, kwa kile Kiswahili chake, kwamba serikali imechukua mkonge na wao watarudi kwao. Mkewe akauliza, "Na maua yangu? Nani atamwagilia maua yangu?" Mzee Gaspari akaacha tonge hewani. "Ameuliza maua," akasema. "Sisi hajatuuliza." Kisha akala tonge lake. Hakuwa mtu wa maneno mengi ya hekima, msije mkamdhania. Alikuwa mzee mwenye hasira, mwenye wivu na mawaridi yake, na alinifundisha kazi kwa kunitukana.

Lakini alinifundisha. Waridi, alisema, ni kama mgonjwa wa kitajiri: linataka mbolea iliyooza vizuri, linataka maji asubuhi na yawe shinani, ukililowesha majani jioni linaota ukungu mweupe na kulala kitandani. Kana, yale yenye majani mapana kama ya mgomba, yanataka miguu ndani ya maji, basi yapande mahali maji ya bafuni yanapotokea na usiyafikirie tena. Mkrismasi, ule unaowaka maua mekundu mwezi wa Desemba, mpe uwanja mzima, maana mizizi yake inatembea juu ya ardhi na chini ya mwavuli wake hakioti kitu. Mjakaranda usiupande karibu na nyumba, ukiwa mchanga hautaki maji yatuame, na lazima ujue kungoja; utapukutisha majani yote uudhani umekufa, halafu ndipo utoe maua yake ya zambarau ukiwa mtupu bila jani. Na bogonvilia, yale ambayo wengine huyaita maua ya karatasi kwa sababu ukiyashika yanalia kama karatasi, hayo aliyaeleza akiniangalia usoni. "Huyu ni mbishi," alisema. "Ukimlea sana, ukimpa maji na mbolea, anakupa majani matupu. Mnyime. Mwache juani. Mkate mpaka umwonee huruma. Hapo ndipo anatoa maua. Ila mizizi yake usiiguse. Mizizi ikishtuka, amekufa. Kama wewe tu, Sekunda, kichwa kigumu na roho ya yai." Alikusudia matusi. Mimi nilipokea, nikakaa nayo, na mpaka leo sijamrudishia.

Meneja na mkewe waliondoka. Kambi yetu ya vibarua nayo ikaambiwa ijiandae, maana ulikuwa mwaka wa Operesheni, watu wote waingie kwenye vijiji, na mimi na mume wangu Damiani tukapangiwa kijiji kipya kando ya barabara ya Kilosa kwenda Mikumi. Asubuhi ya lori wenzangu walipakia vinu, michi, masufuria na kuku waliofungwa miguu. Mimi nilipakia hivyo hivyo, lakini miguuni niliweka gunia lililoloweshwa, ndani yake vijiti vya bogonvilia vilivyokomaa, mashina ya kana, matawi mawili matatu ya waridi, na mbegu za mjakaranda zikiwa bado kwenye maganda yake yaliyo bapa kama kobe mdogo. Mzee Gaspari mwenyewe alinifungia lile gunia kwa kamba ya mkonge. Hakuniaga. Alisema tu, "Usitikise."

Kando yangu ndani ya lori alikaa mwanamke mrefu mwenye mtoto mgongoni, ambaye sikuwahi kumwona. Tulipopita madaraja mawili akaangalia miguu yake.

"Dada, huu mzigo unaonitotesha ni chakula?"

"Si chakula."

"Ni dawa?"

"Si dawa. Ni maua."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu ambaye homa imepanda kichwani. "Pole," akasema. Hivyo ndivyo nilivyokutana na Stefania.

Kijiji chetu kilikuwa vigingi tu. Mistari ilinyooshwa kwa kamba, kila kaya kiwanja sawa na mwenzake, nyumba zote ziangalie upande mmoja, na miti ilikuwa imekatwa ili mistari inyooke. Wengi walishangilia kwamba wamepata kiwanja chao, na mimi siwalaumu. Lakini mimi nilizoea kambi ya mkonge, nyumba za mstari, mlango wako na wa mwenzako haina tofauti mpaka ulevi unawaingiza watu nyumba zisizo zao. Nilipotazama vile vigingi nikasema moyoni, kambini sirudi. Kama nyumba zitafanana, basi yangu itajulikana kwa kitu. Tukajenga chumba kimoja cha miti na nyasi, tukalala humo watatu, mimi, Damiani na Fulgensi aliyekuwa anajifunza kutambaa, na jiko langu lilikuwa mafiga matatu nje. Kabla sijamaliza kukandika ukuta nilikwisha kuchomeka vijiti vya bogonvilia kwenye mpaka wote wa kiwanja. Kana nikaziweka nyuma ya bafu la makuti. Waridi mlangoni. Mbegu za mjakaranda kwenye kona ya mbali, nikazizungushia miiba ili kuku wasizichokore.

Wakati huo ndipo alipokuja bwana afya, kijana mmoja anayeitwa Edwini, mwenye soksi ndefu. Alipanda juu ya meza ya mkutano akatuhutubia kuhusu kipindupindu na minyoo, na mwisho akasema, tena akarudia ili tusikie hata tuliokaa nyuma: "Kila nyumba iwe na choo. Iwe na shimo la taka. Iwe na kichanja cha vyombo. Iwe na ua." Akashuka. Shikeni hilo, tutalirudia.

Halafu mvua ikakataa. Mahindi yalikauka yakiwa yamefika magotini. Tukaanza kula unga wa njano wa msaada, unaogawiwa kwa kusomewa majina pale ofisi ya kijiji, na kisima kilikuwa kimoja. Siku moja kwenye foleni ya maji, mbele ya wanawake wote, Stefania akaniambia, "Sisi tunapanga ndoo watoto wanywe, Mama Fulgensi anapanga ndoo waridi lioge." Wakacheka, na kicheko hicho kilikuwa na haki. Toka siku hiyo sikulipa waridi hata tone. Liliniangalia mlangoni mpaka likawa kijiti. Nililiacha life mimi mwenyewe, wala hakuniamuru mtu, na ninalisema hapa ili mjue kwamba nilijua tofauti ya kiu ya mtoto na kiu ya ua. Kana zilijitegemea na maji ya bafuni. Bogonvilia hazikuuliza maji. Zilipata kile hasa zilichokuwa zinataka, yaani kunyimwa, na katika mwezi ambao kijiji kizima kilikuwa rangi ya vumbi, mpaka wangu ukafunguka rangi ya zambarau iliyoiva, unauona tokea barabarani. Madereva waliokuwa wanakwenda Mikumi walipunguza mwendo.

Mwenyekiti Salumu naye aliona. Akaja jioni, fimbo kwapani.

"Shikamoo, ndugu Mwenyekiti."

"Marahaba. Hivi ni vitu gani?"

"Maua."

"Yanaliwa?"

"Hayaliwi."

"Yanauzwa?"

"Hayauzwi."

"Sasa?"

"Yanaangaliwa."

Akashusha pumzi. Alikuwa mtu mzima, si mtu mbaya, na siku zile alikuwa anaulizwa kila wiki na wakubwa wake ni ekari ngapi zimelimwa. "Mama Fulgensi," akasema, "watu wana njaa. Haya ni mambo ya mabwanyenye. Meneja wako ameondoka, wewe umetuletea bustani yake kijijini. Ng'oa, panda mihogo mpaka mpakani."

"Mihogo nimepanda, ile pale. Na hii bustani hakuilima meneja, tuliilima mimi na Mzee Gaspari. Nyinyi mmetaifisha mkonge, mimi nimetaifisha maua."

Watu waliokuwa wanapita wakasimama. Ninajua nilichosema kilikuwa kikali, na ningekisema tena leo. Salumu hakucheka. "Wasiong'oa," akasema, "majina yao hayatasomwa siku ya unga." Akageuka akaenda.

Usiku hapakuwa na mazungumzo, maana Damiani aliyamaliza yote kabla taa haijawashwa. Alikaa kwenye kigoda, mtoto mapajani, akaniuliza Fulgensi atakula maua ya kuchemsha au ya kukaanga. Nikamwambia unga huo ni wa watu wote, hautoki mfukoni mwa Salumu. Akasema anayesoma majina ndiye mwenye unga. Alikuwa na haki kuogopa. Hata mimi niliogopa. Nilimtazama yule mtoto, mbavu zimeanza kuonekana, na nikajua kwamba asubuhi ninaweza kuamka nikachukua jembe. Sikuamka nikachukua. Ukiniuliza kwa nini, sina jibu zuri kuliko hili: mtu akikupa chakula kwa sharti la kufuta kile kinachokuonyesha kwamba nyumba ni yako, atakaporudi mara ya pili atadai kitu kingine, na utakuwa umekwisha kuzoea kumpa.

Siku ya kazi za pamoja kikundi cha akina mama kikatumwa kuning'olea. Kiongozi wake alikuwa Stefania. Wenzake aliwaacha wapalilie shamba la kijiji, akaja peke yake, Yustina mgongoni, akasimama mpakani.

"Nimetumwa."

"Najua."

"Sikuja kubishana. Niambie tu. Ukilikata hili, linakufa?"

"Ukilikata halifi. Ukiling'oa ndipo linakufa, mizizi yake haivumilii."

Akainua mkono wake wa kulia nikaona amebeba panga. Jembe hakuwa nalo. Akamkalisha Yustina chini karibu na Fulgensi, akaanza kukata kutoka kona moja hadi nyingine, akitukana tu kila mwiba ulipomchoma, na aliyajua matusi ya makabila matatu. Alipomaliza palibaki visiki vya urefu wa kiganja, na matawi yote tukayachoma moto. Akaenda ofisini akasema, mimi nikimsikia kwa sababu nilimfuata nyuma, "Mwenyekiti, kwa Mama Fulgensi ni peupe." Na kweli palikuwa peupe. Siku ya unga jina la Damiani lilisomwa. Nilimwendea Stefania nikataka kumshukuru, akanikata. "Usinishukuru. Maua yako siyapendi, yanachoma. Ila jirani mwenye njaa simtaki, atakuja kuomba kwangu." Miaka mingi baadaye nilimuuliza kwa nini siku ile alikuja na panga badala ya jembe. Akasema jembe lake lilikuwa limevunjika mpini, hakuna zaidi. Sikumwamini, na alijua simwamini, na tuliliacha hapo.

Mvua iliporudi, bogonvilia zilikuwa kama zimetukanwa. Kila kisiki kilitoa matawi manne, matano, mazito, yana miiba mirefu kuliko ya kwanza, yakasukana yenyewe kwa yenyewe mpaka kuku hapiti. Mihogo yangu ikakua ndani yake. Na katika msimu huo nguruwe pori walitushukia kutoka upande wa Mikumi. Uzio wa miti walioujenga wenzetu ulikuwa umekwisha kuliwa na mchwa, wakapita kama wanapita mlangoni. Kwangu walizunguka, wakachimba chimba nje, wakaenda. Tembo alipokuja hakuzuiwa na chochote, cha kwangu wala cha mtu, hilo sitadanganya. Lakini nguruwe hawakuingia.

Ndipo bwana afya Edwini akarudi kukagua, nyumba kwa nyumba, Mwenyekiti mbele yake, na watu nyuma yao kwa sababu hapakuwa na sinema. Walipofika kwangu Salumu akasimama kama aliyemwona marehemu. "Nani ameyaotesha tena haya?"

Nikatoka, mikono ina unga wa mihogo. Nikawaamkia wote wawili. Kisha nikasema, "Ndugu Bwana Afya, siku ile mezani ulisema kila nyumba iwe na ua?"

"Nilisema."

"Basi hili hapa."

Edwini akatabasamu, akanieleza taratibu kama mtoto. "Mama, nilisema ua *huu*. Wa kuzungushia. Si ua *hili*."

"Hukusema huu wala hili. Ulisema ua, ukashuka mezani. Mimi niliyesoma darasa la tatu nikafuata nilivyosikia."

Watu wakacheka, hata wale niliojua hawanipendi. Salumu akasema, "Anatuchezea huyu."

"Sichezi. Ua langu ndilo ua wangu. Kama hamwamini, pitisheni mkono."

Naye Salumu, kwa hasira, akapitisha. Mkono uliingia vizuri. Kutoka ndipo palikuwa na kazi. Alipovuta, shati lake jeupe likachanika kuanzia kiwiko hadi kifundo, na tukasikia sauti ya Stefania kutoka nyuma, tulivu kabisa: "Mwenyekiti, si hilo ndilo shati la mikutano?"

Edwini aliuzunguka mpaka wote, pembe zote nne, akichungulia mihogo kwa ndani. Aliporudi alimwambia Mwenyekiti, "Ua upo." Alisema *upo*, hakusema *lipo*, na mimi nikamwachia hiyo iwe yake. Wakaenda nyumba inayofuata. Hakuna aliyeniambia ning'oe tena, mwaka huo wala baada yake. Salumu hakuja kuomba radhi na mimi sikumngoja. Pale msibani Mwanaidi aliniinamia akaninong'oneza, "Baba mpaka anakufa alikuwa anakuita yule mwanamke aliyenichania shati." Nikamwambia alijichania mwenyewe.

Sasa Fulgensi anataka kujenga ukuta wa tofali mahali pa bogonvilia, na kupanda miashoki iliyonyooka kama askari, kwa sababu ndivyo wanavyofanya mjini. Nimemwambia ukuta atajenga nikishakufa, na akitaka kuyakata maua leo aje na panga, atakuwa amenisaidia kupogoa. Asije na jembe. Mjakaranda wa kona ya mbali umekuwa mkubwa kuliko nyumba, na mwezi ule unapopukutisha majani bado kuna mpita njia ananiambia, bibi, mti wako umekufa, nami ninamwambia arudi baadaye.

Siku ya maziko nilitoka nyumbani na kijiti kimoja cha bogonvilia kilichokomaa, nimekifunga kwa kitambaa chenye maji, nikakiweka magotini ndani ya basi mpaka Kilosa. Neema alilalamika njia nzima, "Bibi, unanitotesha." Watu walipokwisha kuweka mashada yao ya plastiki, nikapiga magoti upande wa miguu ya Stefania, mahali penye jua, nikakichomeka. Sikukimwagilia. Ninajua angesema nini kuhusu jambo hilo, na ningemjibu.

Kama kuna jina nimelikosea hapa, au ni nani alikuwa mbele na nani nyuma siku ya lori, ninyi mliokuwepo msinionee aibu, njooni mnisahihishe. Kama Mzee Gaspari hakusema "usitikise" bali neno jingine, na yupo aliyelisikia, aniletee hilo neno. Msiniletee tu habari kwamba Stefania alipenda maua. Nyumba hamtaikosa, iko kushoto ukienda Mikumi, ni ile yenye ua, huu au hili, lolote mtakaloliona kwanza.